Kumshukuru na Kumsifu Mungu Siku za Kazi: Mwongozo kwa Mkristo wa Unguja na Pemba

Kanisani Jumapili kushukuru hakumshindi mtu. Kazi huanza Jumatatu: maji hayajatoka, boti imeahirishwa, zamu ya hoteli imebadilishwa bila taarifa, na sala ya shukrani imebaki "Mungu nakushukuru kwa kila kitu, amina." Sala hiyo si kosa, ila haina mashiko. Mtu akikwambia "asante kwa yote", huwezi kujua kama ameliona hata moja ulilomtendea. Mwongozo huu ni wa kushukuru kwa jambo moja moja, kwa wakati wake, na kwa sauti inayofaa mahali unapoishi. Hapa visiwani Wakristo ni wachache, ukuta wa chumba ni mwembamba, na jirani wa pande zote mbili huenda ni Mwislamu. Kwa hiyo hilo la mahali tutalirudia sana.

Jinsi ya kuiunda sala yenyewe

Sala ya shukrani iwe na viungo vitatu: unayemshukuru, jambo alilolitenda, na tunda la jambo hilo. Mfano: "Baba, nakushukuru kwa maji yaliyotoka saa tisa usiku, ndoo tatu zimejaa, na watoto wamekwenda skuli wameoga." Sala imeisha. Haihitaji maneno ya kupamba. Kiungo cha tatu ndicho kinachosahaulika zaidi, nacho ndicho kinachokulazimisha ufikiri. Ukishindwa kutaja tunda, subiri mpaka jioni uone jambo lile limezaa nini.

Sifa huongeza kiungo cha nne: tendo hilo linaonyesha Mungu ni wa namna gani. "Wewe ndiwe unayetuona." Shukrani hutazama alichokitenda Mungu, na sifa humtazama yeye mwenyewe, hata siku ambayo hujaona kitu. Zaburi ya 92, mstari wa 2, inagawa kazi vizuri: rehema zake zitangazwe asubuhi, uaminifu wake usiku. Ifuate hivyo hivyo. Asubuhi anza na sifa, kwa kuwa siku bado haijakupa cha kuorodhesha. Usiku anza na shukrani kisha umalizie na sifa.

Makosa mawili huiharibu sala hii mapema. La kwanza ni kushukuru kwa kumpima mwenzako: "Nakushukuru nimepata kazi, na wenzangu bado wanahangaika." Yule Farisayo wa Luka 18 alishukuru vivyo hivyo, na hakurudi nyumbani kwake akiwa amehesabiwa haki. Ukiona shukrani yako haisimami mpaka awepo aliyekosa, kata nusu ya pili na uigeuze ombi: "Nakushukuru kwa kazi. Wape na wenzangu." La pili ni kushukuru kwa biashara: "Nakushukuru ili uniongezee." Hilo ni ombi, na ombi halina aibu, lipe nafasi yake peke yake, baada ya shukrani.

Wakati na sauti

Usitafute muda mpya, maana hautapatikana. Funga sala kwenye jambo unalolifanya kila siku bila kukumbushwa. Kwa watu wengi wa mjini asubuhi inajipanga yenyewe: adhana ya alfajiri inaamsha mtaa mzima, gari na redio bado kimya, na una angalau nusu saa kabla ya watoto kuamka. Mkristo anayeilalamikia sauti ile anapoteza saa nzuri kuliko zote. Amka nayo, kaa kitako, tumia dakika tatu hadi tano. Zaidi ya hapo mwanzoni utasinzia, na wiki ya pili utaacha.

Wanaofanya kazi kwa zamu katika hoteli za Nungwi, Kiwengwa au Paje wasijifunge kwa saa, kwa sababu saa zao hazitulii. Wajifunge kwa tendo: kuvaa sare kabla ya zamu ni sifa, kuivua ni shukrani. Ukilala mchana kwa kuwa umekesha, "usiku" wako ni wakati huo.

Kwenye daladala sali macho wazi, midomo imefungwa. Shukrani moja kwa kila kituo inatosha kukufikisha Mwanakwerekwe ukiwa na akili iliyotulia.

Kuhusu sauti: Mathayo 6:6 inasema uingie chumbani na ufunge mlango. Katika nyumba za kupanga za Fuoni au maghorofa ya Michenzani mlango haufungi sauti. Imba, lakini kwa sauti ya mazungumzo. Ibada ya nyumbani isipite saa tatu usiku, na spika usiiwashe kabisa. Kero ya kelele ndiyo inayoleta malalamiko kwa sheha, na ukishafika huko, mtaa utakumbuka kero na kusahau kuwa ulikuwa unasifu. Mungu hakusikii zaidi kwa sababu umeongeza volyumu.

Daftari

Nunua daftari la skuli la kawaida, lile jembamba. Usinunue la gharama. Daftari zuri mno humfanya mtu aogope kuliandika ovyo. Fungua kurasa mbili zinazotazamana. Wa kushoto andika maombi na tarehe zake. Wa kulia andika shukrani: tarehe, kisha mambo matatu, mstari mmoja kila moja.

Sharti ni hili: jambo lililokwishaandikwa wiki hii lisirudiwe. Bila sharti hilo, kufikia Alhamisi ukurasa wote utakuwa "uzima, afya, chakula", na mkono utaandika huku kichwa kimelala. Sharti linakusukuma kutazama: embe aliyotuma mama wa nyumba ya pili, homa ya mtoto iliyoshuka bila sindano, deni la dukani lililosubiriwa siku mbili zaidi, mpishi mwenzako aliyekufundisha kukata vitunguu bila kulia.

Jumamosi jioni soma wiki nzima, tazama na upande wa kushoto. Ombi lililojibiwa lipigie mstari na uandike tarehe ya jibu. Hapo utakuta maombi uliyosahau kuwa uliyaomba. Katika Luka 17 waliotakasika ukoma walikuwa kumi, akarudi mmoja, naye Msamaria. Wale tisa hatuambiwi kuwa walikuwa wabaya. Walikuwa wanaelekea kwa makuhani kama walivyoagizwa, wakaendelea na safari yao. Daftari linamsaidia mtu wa namna hiyo, na wengi wetu ndio sisi.

Ukiacha siku nne au mwezi, usirudi kujaza kurasa tupu. Utatunga. Andika tarehe ya leo, endelea.

Kusifu kwa maneno usiyoyatunga

Maneno yako yatakwisha. Hilo ni la kawaida, na ndiyo sababu Kanisa limesifu kwa Zaburi tangu mwanzo. Anayeanza achukue Zaburi sita za mwisho, 145 hadi 150, moja kwa siku, Jumatatu mpaka Jumamosi, kwa sauti. Ya 147 ina theluji na barafu; hakuna ubaya, ukifika mwisho wake na kuomba kwa maneno yako, kuitaja mvua ya masika. Siku ambayo huna nguvu kabisa, Zaburi ya 117 ina mistari miwili tu.

Ukizoea, ongeza. Kitabu cha sala cha Kianglikana kinagawa Zaburi zote 150 kwa siku 30, asubuhi na jioni, na kwa hesabu hiyo unasoma kama tano kila siku. Wakatoliki wana Masifu ya Asubuhi na ya Jioni. Katika mapokeo yote mawili Wimbo wa Zakaria, Luka 1:68-79, huwa wa asubuhi, na Wimbo wa Mariamu, Luka 1:46-55, huwa wa jioni. Ukiwa huna kitabu chochote zaidi ya Biblia, nyimbo hizo mbili zinatosha kuishika siku pande zote mbili.

Nyumbani kwenye watoto tumia Zaburi ya 136. Ina mistari 26, na kila mmoja unaishia na "kwa maana fadhili zake ni za milele". Mmoja asome mwanzo wa mstari, wengine wote waitikie. Mtoto wa miaka minne ataweza tangu siku ya kwanza. Mwishoni kila mtu aongeze mstari wake: "Aliyemrudisha baba salama kutoka Pemba," na nyumba iitikie. Mistari ya nyongeza isizidi mitano; ikizidi, wakubwa wanaanza kuhubiriana.

Zaburi ya watu wa bahari

Zaburi ya 107 inastahili kukaa kwenye kila nyumba ya kisiwani. Inataja makundi manne: waliopotea nyikani, waliofungwa gizani, waliougua hata wakakaribia malango ya mauti, na washukao baharini kwa merikebu, ambao mawimbi yaliwapandisha na kuwashusha mpaka wakayumba kama mlevi. Kila kundi linapita njia ile ile: shida, kilio, kuokolewa, kisha agizo la kushukuru, ambalo limerudiwa mara nne, katika mistari ya 8, 15, 21 na 31.

Igeuze iwe maswali manne ya kujichunguza mwisho wa mwezi. Wapi nilipotea njia nikarudishwa? Wapi nilifungwa, kwa deni au kwa tabia, nikafunguliwa? Nani ameugua nyumbani akapona? Nani amevuka maji akafika? Swali la nne kwa watu wa hapa si la mafumbo. Anayesafiri kati ya Malindi na Mkoani wakati wa kusi anajua bahari inavyoweza kuchafuka. Kwa hiyo asome mstari wa 23 hadi 30 kabla ya kupanda, na wa 31 na 32 boti ikishafunga kamba. Watu wengi husali sana katikati ya mawimbi, kisha bandarini hukimbilia mizigo. Jizoeze kusimama mara moja kabla ya kushika begi, useme sentensi moja yenye viungo vitatu.

Mezani na barazani

Kushukuru kabla ya kula wengi tunakujua. Kumbukumbu la Torati 8:10 inaweka shukrani baada ya kushiba, na hiyo ndiyo inayodondoka, kwa sababu aliyeshiba ameshainuka. Kabla vyombo havijaondolewa, mtu mmoja ataje kitu kimoja kilichokuwa mezani na mikono iliyokileta: aliyevua, aliyekuna nazi, aliyepika. Sekunde ishirini.

Ukila pamoja na Waislamu kazini, shukuru kimyakimya kwa kuinamisha kichwa kidogo. Wao watasema Bismillahi, wewe umeshasema yako, na chakula hakipoi. Mwezi wa Ramadhani usile wala usinywe hadharani mchana. Kula ndani, na shukuru ndani. Ukialikwa futari, nenda, na mshukuru mwenyeji kwa kumtajia chakula chenyewe.

Barazani mtu akikuuliza hali, jirani yako hujibu "Alhamdulillahi". Wewe jibu "Namshukuru Mungu, sijambo", tena kwa utulivu kama yeye. "Bwana asifiwe" na "Tumsifu Yesu Kristo" ni salamu za watu wanaojua kuitikia; ukimrushia asiyejua, unamtia katika mtihani asioutaka. Na mtu aliyekusaidia mshukuru yeye, kwa jina lake. Kumwambia fundi aliyekurekebishia paa usiku wa mvua "namshukuru Mungu" huku yeye humpi hata asante ni kumpora.

Siku ambazo shukrani haitoki

Hapa ndipo ushauri mbaya unapotolewa kwa wingi. Maandiko hayamwamuru mtu amshukuru Mungu kwa kuwa mtoto wake amekufa. Ayubu 1:20 inaweka mambo kwa mpangilio: alisimama, akararua joho lake, akanyoa kichwa, akaanguka chini, ndipo akasujudu. Usimrukishe mfiwa hatua hizo. Ukienda matangani kaa naye, lia naye, chota maji, hudumia wageni. Neno "shukuru" liache kinywani mwake mwenyewe. Likitoka, litatoka wakati wake.

Kwa anayepitia shida yeye mwenyewe, Zaburi ya 13 ni ngazi fupi. Mistari ya 1 na 2 ni malalamiko: "hata lini" imetajwa mara nne. Ya 3 na 4 ni ombi. Ya 5 na 6 ni tumaini na wimbo. Soma, simama baada ya kila sehemu, sema lako. Ukifika mstari wa 4 ukashindwa kuendelea, ishia hapo. Kesho anza tena juu. Zaburi ya 88 inaishia gizani kabisa, nayo imo ndani ya kitabu kile kile cha sifa.

Anayetaka kuwaonyesha vijana kwamba kusifu si kufunika kidonda, awapeleke Mkunazini. Kanisa Kuu la Kristo lilianza kujengwa mwaka 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa, na limejengwa juu ya uwanja wa soko lenyewe. Mbele ya altare kuna duara la marumaru sakafuni, linaloonyesha mahali panapokumbukwa kuwa watu walifungwa na kuchapwa. Waumini huimba wakiwa wamepazunguka. Mahali hapakufutwa, pamewekewa alama.

Kutoa shukrani mbele ya kanisa

Mwone mzee wa kanisa, katibu au padri kabla ya Ijumaa, usimshtukize asubuhi ya ibada. Andika ushuhuda wako kwenye karatasi, kisha upunguze nusu. Dakika tatu zinatosha: hali ilikuwaje, nini kilitokea, tunamshukuru Mungu kwa nini. Yasiyofaa kusemwa ni siri za mtu mwingine, hata mumeo au mkeo, kiasi cha fedha ulichopata, na tuhuma kwamba jirani fulani alikuroga. Hilo la mwisho limevunja mitaa. Na kama daktari alikutibu, mtaje daktari, Mungu hapungukiwi.

Bahasha ya shukrani itoke katika jambo lenyewe. Mwenye mikarafuu Pemba atenge fungu siku ile ile anapolipwa, kabla hajapita dukani, kwa sababu fedha ya karafuu ikishalala usiku mmoja huwa na wenyewe wengi. Ashukuru mara tatu katika msimu: wachumaji wakishashuka mitini salama, karafuu zikishakauka bila kunyeshewa, na fedha ikishashikwa. Mkulima wa mwani wa Jambiani au Bwejuu hufanya kazi kwa maji ya bamvua; maji mafu ndiyo mapumziko yake, basi daftari lake alisome wakati huo. Mwani ukifa kwa joto la maji ya kaskazi, asitafute fungu la kutoa. Asome Habakuki 3:17-18, atoe wimbo, na kanisa limkubalie.

Kabla ya kutoa, lipa unachodaiwa na mtu anayekingoja. Mathayo 5:23-24 inakurudisha kutoka madhabahuni kwa ajili ya ndugu mwenye neno juu yako, na mfanyakazi usiyemlipa ana neno juu yako.

Ukitaka kuandaa chakula cha shukrani, kumbuka Walawi 7:15: nyama ya sadaka ya shukrani iliwe siku ile ile, isibaki hata asubuhi. Maana yake kwa vitendo ni kwamba huwezi kuimaliza peke yako, lazima uite watu, na Kumbukumbu la Torati 26:11 inamtaja mgeni aliye kati yenu. Kwa pilau hesabu kilo moja ya mchele kwa watu sita hadi wanane, na nusu kilo ya nyama isipungue. Kama majirani Waislamu watakula, na ni vizuri wale, mnyama achinjwe na Mwislamu. Mtafute mchinjaji siku mbili kabla, au nunua nyama kwa muuzaji wanayemwamini, na uwaambie mapema umenunua wapi ili asiwepo anayekula kwa wasiwasi. Nguruwe na pombe visiingie jikoni siku hiyo, hata kwa meza nyingine. Usiipange saa ya sala ya Ijumaa wala mchana wa Ramadhani. Wasioweza kuja wapelekee sahani iliyofunikwa, nyama ikiwa juu ya wali, kabla wageni wa ndani hawajaanza kula.